Kufunga Bloku ya 150 Kwenye Pikipiki ya 125: Mwongozo kwa Madereva na Mafundi wa Bulyaga

Kabla hujanunua bloku kubwa kwa ajili ya pikipiki yako, fanya kwanza hesabu ya hewa.

Mji wetu wa Tukuyu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Ukilinganisha na ya pwani, uzito wake ni kama asilimia 86 tu. Injini nayo haiendeshwi na petroli peke yake, bali na petroli iliyochanganyika na hewa. Kwa hiyo pikipiki ya Kichina ya 125, ambayo ujazo wake halisi ni sentimita za ujazo 124, ikifika Bulyaga inavuta hewa ambayo injini ya 107 ingeivuta Dar es Salaam. Ndiyo maana dereva aliyezoea barabara za Temeke akija huku na pikipiki ileile hudhani imeharibika anapopandisha Katumba akiwa na abiria na mkungu wa ndizi. Pikipiki ni nzima. Imepungukiwa hewa.

Ukifunga bloku ya 150, injini yako hapa Tukuyu itavuta hewa kama injini ya 129 iliyoko pwani. Maana yake bloku kubwa haikugeuzi kuwa mkimbizaji wa mashindano. Inakurudishia ulichonyang'anywa na mlima, na nyongeza kidogo. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, utafunga kwa subira na kuendesha kwa akili. Asiyelielewa hufunga leo, kesho anafukuzana na Noah kuelekea Kiwira, na wiki ya tatu yuko gereji pistoni ikiwa imeng'ang'ania.

Kwanza ujue ugonjwa

Pikipiki isiyopanda mlima si lazima iwe inataka bloku. Pitia mambo haya manne kabla ya kutoa hela.

Angalia moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili: ringi zimeisha, slivu imelika, au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa, na dawa yake iko kwenye kabureta au ea klina.

Angalia klachi. Ukivuta mafuta mlimani, injini ikalia kwa nguvu huku mwendo hauongezeki, sahani za klachi zinateleza. Ukiongeza bloku juu ya klachi ya namna hiyo, utaimaliza.

Angalia tapeti. Zikiwa zimebana mno, valvu hazifungi sawasawa na mbano unavuja. Kazi ya dakika 20 inaweza kukurudishia nguvu uliyodhani imepotea.

Mwisho, hesabu meno ya spoketi. Ukitoa spoketi ya mbele ya meno 15 ukaweka ya meno 14, mvuto unaongezeka kwa asilimia 7, na kasi ya juu inapungua kwa kiasi hichohicho. Kama kazi yako ni kubeba maziwa na parachichi kutoka Mwakaleli, huenda spoketi ndiyo jibu lako, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na bloku.

Yote hayo yakiwa sawa, au slivu ikiwa imeshalika na ungebadilisha bloku kwa vyovyote vile, endelea.

Ujue unachonunua

Pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya bodaboda zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970: silinda moja, valvu mbili, na pushi rodi zinazoinua valvu kutoka chini. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbaya na mafundi hawana vifaa vingi, na umbo lake limedumu hadi leo.

Kwenye injini hiyo pistoni ina upana wa milimita 56.5 na inasafiri milimita 49.5. Toleo la 150 linasafiri umbali uleule, ila pistoni yake ni milimita 62. Krenki ikiwa ni ileile, unachobadilisha ni vitu vya juu. Ndipo watu wanapoona kazi ni rahisi, na ndipo wengi wanapokosea.

Kosa la kwanza ni kununua bloku na pistoni ukabakiza silinda hedi ya 125. Chumba cha moto cha hedi hiyo kilitengenezwa kwa ujazo mdogo. Kama injini ilikuwa inabana hewa mara 9, sasa itabana zaidi ya mara 10 na nusu. Petroli ya kituoni haivumilii mbano huo injini ikiwa na joto na mzigo. Itawaka kabla ya wakati wake, utasikia mlio kama wa changarawe ndani ya kopo, na pistoni itaanza kutoboka. Nunua seti kamili: bloku, pistoni, ringi, pini, klipu, gasketi zote, na silinda hedi ya 150 pamoja na valvu zake.

Kosa la pili ni kutopima mdomo wa krenki kesi. Slivu ya 150 ni nene kwa nje kuliko ya 125. Kuna pikipiki ambazo kiwanda kilitumia krenki kesi moja kwa zote mbili, na bloku inakaa bila shida. Kwa nyingine slivu inagoma. Chukua vania, pima slivu kwa nje sehemu inayozama chini, kisha pima mdomo wa krenki kesi. Ikigoma, krenki kesi inapaswa kushushwa, kupasuliwa, na kupelekwa kwa fundi wa leti ili mdomo utanuliwe. Usikubali fundi apanue kwa tupa huku injini ikiwa juu ya pikipiki. Unga wa chuma utaingia kwenye beringi za krenki, na hapo utakuwa umenunua msiba.

Pima pia unene wa pini ya pistoni dhidi ya tundu la koneki rodi. Iingie kwa kusukumwa na kidole, bila kulegea. Kisha shika koneki rodi uivute juu na chini. Ikiwa na mchezo wa kwenda juu na chini, beringi yake imechoka. Bloku mpya juu ya beringi iliyochoka haitafika mbali.

Siku ya kazi

Chagua siku na mahali pakavu. Huku kwetu mvua haikosi miezi mingi, na kibanda kinachovuja si mahali pa kufungulia injini. Osha pikipiki siku moja kabla, hasa kuzunguka bloku, maana tope lililokauka kwenye mapezi ya bloku ndilo linaloangukia ndani ukifungua. Tandika kitambaa safi, siyo gunia lenye nyuzi. Andaa spana, bisibisi, vania, fila geji (yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi), toki renchi, oili safi na petroli ya kusafishia.

Mwaga oili. Toa tangi, kabureta, sailensa na plagi. Zungusha magneti mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kesi, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga. Legeza nati za hedi kwa mshazari, kila moja kidogokidogo. Toa hedi, toa pushi rodi ukikumbuka ipi ilikuwa ya upande upi, kisha inua bloku taratibu.

Bloku ikishatoka, kabla ya kitu kingine chochote, ziba mdomo wa krenki kesi kwa kitambaa safi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimelilipia. Niliwahi kutoa klipu ya pini ya pistoni bila kuziba, ikaruka, ikagonga ukingo, ikatumbukia ndani. Kazi ya saa tatu ikawa ya siku mbili, maana ilibidi injini ishushwe na kupasuliwa yote ili kutafuta kiwaya kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kitambaa kingeniokoa.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho ndicho kinachoamua maisha ya bloku yako. Chukua ringi ya kwanza peke yake, bila pistoni. Iingize ndani ya bloku mpya kwa vidole. Kisha geuza pistoni kichwa chini uitumie kuisukuma ringi mpaka ikae sawa, sentimita mbili hivi chini ya ukingo. Toa pistoni. Angalia ndani: ncha mbili za ringi zinakaribiana lakini hazigusani. Ingiza fila geji katika nafasi hiyo. Jani la milimita 0.15 liingie, na la 0.35 ligome au lipite kwa kubanwa. Likipita kwa ulegevu, ringi si ya bloku hiyo, irudishe dukani. Jani la 0.15 likigoma, hatari ni kubwa zaidi: ringi ikipata joto itatanuka, ncha zitagongana, na itachimba slivu. Hapo piga ncha moja msasa au tupa laini, kidogo sana, ukielekea ndani, pima tena. Rudia kwa ringi ya pili.

Kisha pima nafasi kati ya pistoni na slivu. Ingiza pistoni bila ringi, teleza fila geji ndefu ubavuni mwake, upande usio na pini. Kwa bloku ya chuma mpya, 0.03 hadi 0.05 ni nzuri. Ikifika 0.10, hiyo seti imeshachoka ikiwa bado ndani ya boksi.

Osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, sugua ndani kwa brashi, kausha, halafu papohapo paka oili isishike kutu. Petroli peke yake haitoi unga wa kiwandani uliobaki kwenye mikwaruzo ya slivu. Futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na weusi, osha tena.

Kurudisha vitu mahali pake

Vaa ringi kwenye pistoni ukianza na ya oili chini. Ringi za juu zina alama au herufi upande mmoja, na upande huo hutazama juu. Panga ncha zisifuatane: kila moja iachane na mwenzake kwa theluthi ya mzunguko, na isiwepo hata moja juu ya pini.

Juu ya pistoni utaona maandishi IN au mshale. Kwenye injini hizi IN hutazama upande wa kabureta, yaani nyuma. Ukiigeuza, vikato vya valvu juu ya pistoni havitalingana na valvu zenyewe. Paka pini oili, isukume, funga kwa klipu mpya. Klipu ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzima. Mdomo wa klipu usikae kwenye kile kikato cha kutolea. Isukume kwa bisibisi ndogo uhakikishe klipu imezama kwenye mfereji wake.

Weka gasketi ya chini ikiwa kavu na uhakikishe tundu la oili limelingana na tundu la kwenye kesi. Wapo wanaopaka silikoni nyingi ili oili isivuje. Silikoni hiyo hujikunja ndani na kuziba njia ya oili, na hedi inaungua kwa ukavu. Paka pistoni na slivu oili safi, bana ringi kwa vidole, shusha bloku. Ikigoma, simama. Ukilazimisha kwa nyundo utavunja ringi bila kujua.

Rudisha pushi rodi, gasketi ya hedi, na hedi. Kaza nati kwa mshazari katika awamu tatu. Kwa nati za bolti za milimita 8, toki renchi isome karibu 20 katika kipimo cha nyutoni mita, na kama kitabu cha pikipiki yako kina namba yake, fuata hiyo. Seti tapeti injini ikiwa baridi kabisa: 0.08 ndicho kipimo cha kawaida cha injini za ukoo huu.

Jaza oili safi. Kabla ya kuweka plagi, piga kiki mara 20 kwa mkono au mguu, polepole. Sikiliza kama kuna kitu kinagusana. Oili nayo inapanda. Ndipo uweke plagi yenye nafasi ya 0.6 hadi 0.7.

Kuseti kabureta kwa hewa ya hapa

Pikipiki za 125 za aina hii kwa kawaida huja na kabureta ya PZ26, na za 150 huja na PZ27. Unaweza kubaki na ya zamani ukiongeza jeti kubwa namba moja au mbili, lakini pumzi yake itaishia njiani ukivuta mafuta yote.

Waya wa mafuta ukiwa umelegea na injini imepata joto, fungia skrubu ndogo ya mchanganyiko mpaka iguse, bila kukaza, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Izungushe kidogo huku na huku mpaka injini ingurume kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Iache hapo, punguza mngurumo kwa skrubu ya mwendo.

Kwa mwendo wa kati, kazi iko kwenye sindano. Klipu ya sindano ikishushwa ngazi moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ikipandishwa, petroli inapungua. Injini ikikwama na kukohoa ukivuta mafuta ghafla, petroli ni kidogo. Ikilia kwa uzito kama imebanwa koo, petroli imezidi.

Kwa mafuta yote, soma plagi. Panda mlima kwa gia ya tatu ukiwa umevuta yote kwa muda mfupi, kata injini na ushike klachi papo hapo, simama pembeni, fungua plagi. Rangi ya kahawia, kama chai yenye maziwa, ni salama. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Nyeupe ni hatari, ongeza jeti kabla hujarudi kijiweni. Jaribio hili lifanye bloku ikiwa imeshazoea, si siku ya kwanza.

Sasa sikiliza, wewe unayeteremka Kyela. Ukanda ule wa ziwa uko chini yetu kwa karibu mita 1,000, na hewa yake ni nzito kwa asilimia 10 kuliko ya Tukuyu. Kabureta iliyosetiwa hapa kwa kubana petroli mpaka mwisho, kule itakuwa na hewa nyingi kuliko petroli, tena kwenye joto, tena kwenye tambarare ambako unavuta mafuta yote muda mrefu. Pistoni hung'ang'ania katika hali hiyohiyo. Kama safari zako ni za Kasumulu na Kyela, bakiza petroli kidogo juu ya kinachohitajika Bulyaga. Utapoteza nguvu kidogo mlimani, utabaki na injini.

Na usitoe ea klina. Najua wengi wanaitoa ili injini "ipumue". Vumbi la kiangazi la njia za Masoko hula ringi mpya kwa muda mfupi, na kabureta uliyoiseti inaharibika hesabu yake.

Kuizoesha

Siku ya kwanza iwashe dakika tatu, zima, iache ipoe mpaka mkono ukae juu ya bloku. Rudia mara tatu. Ikipoa kabisa, pima tapeti tena.

Kilomita 500 za mwanzo beba abiria mmoja, bila mshikaki na bila magunia. Mlimani tumia gia ndogo, usiibebeshe injini gia ya nne ikiwa inatetemeka. Usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Pandisha, shusha, ipe ringi nafasi ya kukaa. Mwaga oili kwenye kilomita 300 na tena kwenye 1,000. Utaona unga unaong'aa kwenye oili ya kwanza. Hiyo ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida.

Kama pikipiki ni ya mkataba au ya hesabu ya kila siku, zungumza na bosi wako kabla ya kufungua injini. Mwombe wiki moja ya hesabu ndogo. Bosi anayekataa wiki hiyo atalipa bloku nyingine.

Kwa wenye Vespa

Mzee mwenye Vespa yake ya zamani, kama zile zinazopendwa Zanzibar, misingi ni hiyohiyo ila injini ni tofauti. Vespa ilianza kutengenezwa na Piaggio nchini Italia mwaka 1946, na zile za zamani ni za tu-stroki: hazina valvu, na oili huchanganywa kwenye petroli. Vespa PX ya 150 ina pistoni ya milimita 57.8. Seti zinazopatikana za kuiongeza nguvu zina pistoni ya 63, na ujazo hufika 177.

Mshale wa pistoni ya Vespa hutazama upande wa eksozi. Kila mfereji wa ringi una kijipini, na ncha za ringi lazima zikae juu yake, la sivyo zitanasa kwenye madirisha ya slivu. Oili iwe asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na jeti iongezwe kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Tu-stroki yenye petroli kidogo haisubiri wiki tatu. Inang'ang'ania siku hiyohiyo, na tairi la nyuma hujifunga ukiwa barabarani. Ukisikia nguvu zinakata ghafla, shika klachi.

Breki na karatasi

Nguvu ya kupanda inadai nguvu ya kusimama. Badilisha brekishuu, kagua tairi, na helmeti iwe mbili, yako na ya abiria.

Namba ya injini iko kwenye krenki kesi, kwa hiyo haibadiliki. Lakini kadi ya pikipiki ina ujazo wa injini, na sasa ujazo umekuwa mwingine. Ulizia TRA utaratibu wa kurekebisha kadi, na umjulishe wakala wako wa bima. Ajali ikitokea, karatasi isiyolingana na injini itakuwa mzigo wako na wa familia yako.

Fundi, nina ombi moja. Ukimaliza kazi, andika kwenye karatasi vipimo vyote ulivyopima: nafasi ya ringi, nafasi ya pistoni, tapeti, namba ya jeti, ngazi ya sindano, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Mpe mteja. Na wewe dereva, usiondoke gereji bila karatasi hiyo. Fundi asiyeweza kukuandikia namba hizo hakupima.